Linux ndani ya Windows kwenye laptopu ya nyumbani: jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya kompyuta hapa Morogoro, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu anataka kazi zote za muhula huu tuzifanye kwenye Linux: kuandika skripti, programu za C, na kuendesha seva ndogo ya tovuti. Laptopu niliyonayo ni ya nyumbani, HP ya mtumba, RAM GB 8, ina Windows 11. Jioni baba anaitumia kwa hesabu za duka lake la vipuri, na programu yake ya hesabu inafanya kazi kwenye Windows tu. Rafiki alinisaidia kuweka VirtualBox na Ubuntu ndani yake, lakini nikiiwasha mashine inakuwa nzito, ukibonyeza kitu unasubiri mpaka unachoka. Wenzangu wananiambia nifute Windows. Wengine wanasema nigawanye diski. Naogopa hesabu za baba zisije zikapotea. Je, hakuna namna ya kuendesha Linux ndani ya Windows bila kuiua laptopu?"

Marahaba, binti yangu. Namna ipo, na laptopu yako inaiweza. Usifute Windows, wala usiguse migao ya diski. Mashine ambayo mzazi anaitegemea kwa riziki haifanyiwi upasuaji kwa ajili ya kazi za muhula mmoja. Hao wenzako wanaokushauri uifute hawatakuwepo jioni hiyo baba akifungua na kukuta madeni ya wateja hayaonekani.

Ushauri wangu ni huu: weka VirtualBox pembeni kwa sasa, utumie WSL, yaani mfumo mdogo wa Linux ambao Microsoft wenyewe wameutengeneza ukae ndani ya Windows. Ila nataka kwanza uelewe kwa nini laptopu ililemewa, maana WSL nayo inakula sahani moja na Windows, na asiyejua ugomvi wa RAM unatoka wapi ataukuta na huko.

VirtualBox inatengeneza mashine pepe, kompyuta kamili isiyo na umbo. Inaiambia Ubuntu: prosesa yako hii, RAM yako hii, diski hii, kioo hiki. Ubuntu inaamini iko peke yake duniani, kumbe kila ilichopewa kimemegwa kutoka kwenye laptopu ileile. Ni kama mpangaji aliyekuja kutafuta chumba cha kulala, ukampa nyumba nzima yenye sebule, jiko na uwanja, na vyote anavifungia kwa kufuli hata asipovitumia. Ubuntu yenye madirisha na rangi zote, kwa mujibu wa watengenezaji wake, inataka RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 25 kwenye diski. Windows 11 nayo inataka GB 4 kama kiwango cha chini kabisa cha kuwaka. Jumlisha, RAM yako imekwisha, na bado hujafungua Chrome. RAM ikiisha, Windows inaanza kuhamishia kazi zake kwenye diski, na diski haiwezi kushindana na RAM kwa kasi, hata ikiwa ni SSD. Kama hiyo HP bado ina diski ya kuzunguka, basi kule kusubiri unakokusema ndiko huko: sindano ya diski inakimbizana na mifumo miwili kwa wakati mmoja.

Kuna jambo la pili, na hili wengi hawalioni ingawa liko mbele ya macho yao. Washa ile Ubuntu yako ndani ya VirtualBox, halafu tazama ukanda wa chini wa dirisha, upande wa kulia, penye vialama vidogo vilivyopangana. Je, kuna kobe mdogo wa kijani? Kama yupo, VirtualBox yenyewe inakuarifu kwamba haikupewa prosesa moja kwa moja.

Sababu yake ni hii. Prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2005, na za AMD tangu 2006, zina uwezo maalumu wa kubeba mashine pepe. Programu inayousimamia uwezo huo, wataalamu wanaiita haipavaiza, hukaa chini kabisa, karibu na chuma chenyewe. Windows 11 kwenye laptopu nyingi inawasha haipavaiza yake tangu mwanzo, kwa ajili ya ulinzi unaoitwa Memory integrity. VirtualBox inapokuja baadaye inakuta kiti kimekaliwa, hivyo inalazimika kupitisha maombi yake yote kwa haipavaiza ya Windows. Huko ndiko kasi inakopotelea. Utakutana na watu wanaofundisha kuzima ulinzi huo ili kobe aondoke. Kwenye laptopu yenu msifanye hivyo. Mashine inayopokea flashi za watu dukani inauhitaji ulinzi wake kuliko unavyomhitaji kobe aondoke.

WSL haina ugomvi huo, kwa kuwa imejengwa juu ya haipavaiza hiyohiyo ya Windows. Haikuanza hivyo. Toleo la kwanza, lililotoka mwaka 2016, halikuwa na Linux ndani yake kabisa. Lilikuwa mkalimani: programu ya Linux ikiomba kitu kwa lugha yake, kwa mfano "nifungulie faili hili", WSL ilitafsiri ombi hilo papo hapo na kulipeleka kwa Windows. Kazi ilikuwa ya akili sana, lakini mkalimani hajui kila neno, na programu zilizohitaji Linux yenyewe, kama Docker, ziligoma. Mwaka 2019 Microsoft walitangaza toleo la pili, na mwaka 2020 likawafikia watumiaji wa Windows 10. Humo mna kerneli halisi ya Linux, yaani kiini chenyewe cha mfumo, inayokaa ndani ya mashine pepe nyepesi isiyobeba madirisha wala vikorokoro. Inawaka kwa sekunde chache. RAM haifungiwi yote mwanzoni. Inachukuliwa kadiri kazi inavyodai, mpaka kwenye dari lililowekwa. Inakubali hata Windows 11 ya Home, ambayo naamini ndiyo iliyomo kwenye laptopu nyingi za mtumba.

Kabla hujaandika amri yoyote, leo hii, nakili hesabu za baba kwenye flashi. Ukishamaliza, chukua flashi hiyo uifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe faili linafunguka na tarakimu zimo. Nakala ambayo haijajaribiwa usiihesabu. WSL haigawanyi diski na haifuti Windows, lakini utakuwa unajifunza amri mpya, na hofu uliyonayo ni ya haki. Iondoe kwa flashi.

Jambo lingine la kuliweka sawa mapema ni usimbaji wa diski. Laptopu nyingi za Windows 11 zinafunga diski kwa BitLocker au ndugu yake, na ukienda kubadilisha mpangilio wa bayosi, yaani programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, Windows inaweza kuingiwa na shaka ikadai ufunguo wa tarakimu 48 ndipo iwake. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa mashine. Kwa laptopu ya mtumba, akaunti hiyo inaweza kuwa ya mwenye mali wa kwanza! Hakikisha mnao, uandike kwenye daftari, ndipo uendelee.

Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, ingia Performance, kisha CPU. Chini kuna mstari wa Virtualization. Ukisoma Enabled, huna haja ya kwenda bayosi kabisa. Ukisoma Disabled, zima mashine, iwashe huku ukigonga F10 mfululizo, maana kwenye HP ndiyo njia ya bayosi, utafute Virtualization Technology, uiwashe, uhifadhi na kutoka. Kwa kuwa VirtualBox ilikuwa inafanya kazi, nadhani utaikuta imeshawashwa.

Bonyeza kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Terminal (Admin), uandike:

wsl --install

Itashusha vinavyohitajika pamoja na Ubuntu. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, usiumize bando lako. Ikimaliza, washa mashine upya. Ubuntu itakuomba jina la mtumiaji na neno la siri. Hapa wengi hukwama: unapoandika neno la siri kwenye Linux, hakuna nyota wala nukta inayotokea kwenye kioo. Kibodi haijaharibika. Andika kwa utulivu, bonyeza Enter, lirudie. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install build-essential

Hiyo ya pili inakuletea kikusanyaji cha C na zana zake. Ukikutana na kosa lenye namba 0x80370102 wakati Ubuntu inaanza, maana yake uwezo wa mashine pepe haujawashwa, iwe bayosini au kwenye Windows yenyewe. Rudi kwenye Task Manager ukaangalie ule mstari tena.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka ulikumbuke kuliko yote: faili zako zinakaa wapi. Karibu kila anayeniambia "WSL ni ya polepole" ninamkuta amefanya kosa moja.

Ndani ya Ubuntu yako kuna sehemu mbili za kuweka kazi. Ya kwanza ni nyumbani kwako, /home/ likifuatiwa na jina lako, na iko ndani ya diski ya Linux yenyewe. Ya pili ni /mnt/c, mlango unaokuonyesha diski C ya Windows. Zote ukizitazama kwa amri ya ls zinafanana. Ni folda tu. Lakini faili la nyumbani kerneli inalichukua yenyewe, wakati faili la /mnt/c inabidi iliombe: ombi linavuka kutoka Linux kwenda Windows, Windows inalitafuta, jibu linarudi. Mfano wake ni ofisi ambayo karani hakuruhusu kuingia stoo, na kila karatasi unayotaka ni foleni mpya dirishani. Kwa faili moja kubwa huoni tofauti. Kwa mradi wa tovuti wenye maelfu ya faili ndogondogo, kila moja ni foleni yake.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea laptopu akilalamika kwamba git status, amri ya kuonyesha mafaili yaliyobadilika kwenye mradi, inamchosha. Alikuwa na mradi wa JavaScript, folda ya node_modules ilikuwa imejaa, na vyote vilikaa kwenye Desktop ya Windows. Aliandika amri, tukakaa kimya tukitazama kishale kinavyowaka na kuzima. Hatukugusa mpangilio wowote. Tulinakili mradi kwenda nyumbani kwake ndani ya Linux:

cp -r /mnt/c/Users/jina/Desktop/mradi ~/mradi
cd ~/mradi

Akarudia amri ileile, jibu likaja kabla hajainua kidole kwenye Enter. Laptopu ni ileile na RAM ni ileile. Alidhani nimebadilisha kitu kwa siri.

Kwa hiyo fanya mazoea: kila ukifungua Ubuntu, andika pwd uone uko wapi. Ukiifungua kutoka menyu ya Start, kwa kawaida utaanzia nyumbani. Ukiifungua kwa kuandika wsl ndani ya PowerShell, dirisha la amri la Windows, itaanzia kwenye folda ya Windows uliyokuwa umesimama, yaani ndani ya /mnt/c. Andika cd ~ urudi nyumbani. Na ukitaka kuziona faili zako za Linux kwa macho ya Windows, ili utume kazi kwa barua pepe au uiweke kwenye flashi, andika:

explorer.exe .

Pamoja na hiyo nukta. Dirisha la kawaida la Windows litafunguka likionyesha folda uliyomo. Njia hiyo ni salama. Usiende kuchokonoa ndani ya AppData kulitafuta faili linaloitwa ext4.vhdx. Hilo ndilo diski nzima ya Ubuntu yako, na ukilihamisha kwa mkono utalia.

Hapohapo kwenye mpaka wa mifumo miwili utakutana na kero nyingine, na nakuambia mapema kwa sababu inakatisha tamaa wanaoanza. Utaandika skripti ya mistari miwili kwenye Notepad:

#!/bin/bash
echo "Habari za asubuhi"

Utaihifadhi, utaipa ruhusa ya kuendeshwa, na Linux itakujibu bad interpreter, au kwenye Ubuntu mpya required file not found, kwamba faili halipo. Utaangalia, bash ipo, skripti ipo, herufi zote ziko sawa. Kisichoonekana ni mwisho wa mstari. Windows inamaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana: ya kwanza ni ya kurudisha kichwa cha mashine ya chapa mwanzo wa mstari, ya pili ni ya kusogeza karatasi juu. Ni urithi wa mashine za zamani za kuchapa. Linux inatumia ile ya pili peke yake. Kwa hiyo bash yako ikageuka kuwa bash yenye herufi moja ya ziada mkiani, na programu yenye jina hilo kweli haipo. Dawa yake:

sed -i 's/\r$//' salamu.sh

Ukiwa na Visual Studio Code, ni rahisi zaidi: pembe ya chini kulia kuna neno CRLF, libonyeze ulibadilishe kuwa LF. Isitoshe, kwa Windows Data.csv na data.csv ni faili moja. Kwa Linux ni mawili. Amua kutumia herufi ndogo kila mahali, utapunguza nusu ya maumivu.

Sasa nikujibu kuhusu hesabu za baba, maana hapa lazima nikuambie ukweli ambao wanaoisifia WSL huuruka. Mashine pepe ya VirtualBox imetengwa na Windows. Ukiharibu kila kitu humo, Windows haina habari, isipokuwa kama uliweka folda ya pamoja. WSL haijatengwa namna hiyo. Ule mlango wa /mnt/c uko wazi, na kila faili ambalo wewe kama mtumiaji wa Windows una ruhusa ya kulifuta, Ubuntu yako nayo inaweza kulifuta. Tena ikilifuta, haliendi kwenye pipa la Recycle Bin. Linaondoka.

Nimeona likitokea. Mwanafunzi alitaka kufuta folda moja iitwayo kazi pamoja na nyingine zinazoanza na jina hilo. Alipaswa kuandika rm -rf kazi* bila nafasi. Aliandika rm -rf kazi * akaacha nafasi kabla ya nyota. Kwa Linux hayo ni maagizo mawili: futa kazi, na pia futa kila kilichomo humu. Naye alikuwa amesimama ndani ya Documents ya Windows. Barua za maombi, picha za msiba wa bibi yake, vyote vilikwenda kwa wakati wa kupepesa jicho. Picha hazikuwa na nakala popote.

Kwa hiyo, kwanza, tengenezeni akaunti mbili za Windows, ya baba na ya kwako, na ya kwako iwe ya mtumiaji wa kawaida. Hesabu zikae ndani ya akaunti ya baba. WSL inafanya kazi kwa mamlaka ya mtumiaji aliyeifungua, hivyo ukiwa kwenye akaunti yako, folda za baba zitakukatalia. Kila akaunti ina Ubuntu yake, kwa hiyo uandae ya kwako ukiwa umeingia kwa jina lako. Pili, funga ule mlango kabisa kama huuhitaji. Ndani ya Ubuntu andika sudo nano /etc/wsl.conf, uongeze mistari hii:

[automount]
enabled=false

Hifadhi, kisha kwenye PowerShell andika wsl --shutdown. Ukiifungua tena Ubuntu, /mnt/c haitakuwa na kitu. Mimi kwa anayeanza napenda ufungwe. Ile explorer.exe haitafanya kazi mlango ukifungwa, kwa hiyo kuhamisha faili utafungua File Explorer ya Windows na kuandika \\wsl.localhost\Ubuntu kwenye mstari wa anwani, na siku ukiuhitaji mlango, unarudisha true.

Tuje kwenye RAM. WSL ikiachwa ijiamulie, dari lake ni nusu ya RAM yote, yaani kwako GB 4. Kwa kazi zako ni nyingi mno. Fungua Notepad kwa upande wa Windows, uandike:

[wsl2]
memory=2GB
processors=2
swap=2GB

Hifadhi ndani ya C:\Users\jina lako, jina la faili liwe .wslconfig, likianza na nukta. Notepad hupenda kubandika .txt mwishoni bila kukuambia, kwa hiyo kwenye kisanduku cha aina ya faili chagua All files. Rudia wsl --shutdown, subiri kama sekunde kumi, washa upya. GB 2 zinatosha kwa C, skripti za bash, Python, na seva ndogo ya mhadhiri wako. Na kila ukimaliza kazi jioni, kabla hujampa baba laptopu, andika tena wsl --shutdown. RAM yote inarudi kwa Windows. Ukisahau, utaona kwenye Task Manager kitu kinachoitwa VmmemWSL kimekalia nafasi. Hiyo siyo virusi, ni Ubuntu yako bado iko macho.

Kuhusu hiyo seva, jaribu hivi siku ya kwanza, utafurahi. Ukiwa nyumbani ndani ya Linux:

python3 -m http.server 8000

Halafu fungua Chrome ya kawaida ya Windows uandike localhost:8000. Utaona orodha ya faili zako. Seva iko Linux, kivinjari kiko Windows, vinazungumza. Kwa kazi nyingi za somo la tovuti, hilo ndilo linalotakiwa.

Nimeiweka VirtualBox pembeni, sijaitupa. Siku mhadhiri akitaka mjifunze kusakinisha Linux tangu mwanzo, kugawa diski, kuunganisha mashine mbili kwenye mtandao au kuvunja mfumo na kuufufua, WSL haitakusaidia, na hapo VirtualBox ndiyo mahali pake. Ina kitu kizuri sana, kupiga picha ya hali ya mashine kabla ya jaribio, ukiharibu unarudi palepale. Ila wakati huo usiweke Ubuntu yenye madirisha. Weka Debian au Ubuntu Server isiyo na mandhari, uipe GB 2, utaona hata kobe anavumilika. Na ukiamua kuiondoa sasa, toa kwanza kazi zako zilizomo, halafu ujue kuwa kuondoa VirtualBox hakufuti ile diski kubwa ya Ubuntu. Itabaki kwenye folda ya VirtualBox VMs mpaka uifute mwenyewe.

Wenzako darasani nao wana shida ya bando, najua. Ubuntu ni programu huria, leseni yake inakuruhusu kuinakili na kumpa mwenzako bila kumwomba mtu ruhusa. Ni haki hiyohiyo ya kuchukua, kubadili na kugawa iliyowezesha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili, mwaka 2004. Kerneli iliyomo ndani ya WSL iko chini ya leseni ya namna hiyo, ndiyo maana Microsoft wanachapisha msimbo wake, na Mei 2025 walifungua pia sehemu kubwa ya msimbo wa WSL yenyewe. Kampuni hiyohiyo mwaka 2001 mkuu wake, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Nimeishi nyakati zote mbili na bado huwa nashangaa nikiona Ubuntu inafunguka ndani ya Windows kwa amri moja.

Basi ukishaandaa Ubuntu yako, ikiwa na build-essential na zana za somo, na kabla hujaweka kazi zako binafsi wala funguo za GitHub, ongeza kwenye /etc/wsl.conf sehemu ya [user] yenye default= na jina lako la Linux, ifunge kwa wsl --shutdown, kisha tengeneza nakala yake kwenye flashi (hapa E: ni herufi ya flashi):

wsl --export Ubuntu E:\ubuntu.tar

Mwenzako, ambaye mashine yake tayari ina WSL, anaiingiza:

wsl --import Ubuntu C:\wsl\ubuntu E:\ubuntu.tar

Usipoweka ule mstari wa default, yeye ataingia moja kwa moja kama root, mwenye mamlaka yote, na hiyo ni hatari kwa anayeanza. Tumia neno la siri la muda tu, na kila mmoja abadilishe lake kwa amri ya passwd akishaingia.

Amri hiyohiyo ya export itumie pia kwa ajili yako kila mwisho wa wiki, faili liende kwenye flashi nyingine tofauti na ya hesabu za baba. Na kuna amri moja usiiguse bila kuwa na faili hilo mkononi: wsl --unregister Ubuntu. Watu huiandika wakidhani wanaianzisha upya Ubuntu iliyogoma. Inafuta diski nzima ya Linux pamoja na kila kazi iliyomo, na haiulizi mara mbili. Kwa Ubuntu iliyogoma, anza na wsl --shutdown, usubiri, uifungue tena. Ikishindikana, niandikie ukinakili maneno ya kosa kama yalivyo.